Kitabu Kizimbani: Miaka 30 ya Tropic of Cancer

Mwezi Septemba 1934, mjini Paris, kilitoka kitabu cha Kiingereza kilichozaliwa na marufuku yake mwilini. Kwenye jalada alichorwa kaa amembeba mwanamke katika magando yake, na mchoraji alikuwa kijana wa miaka 15, mtoto wa mchapishaji. Pamoja na mchoro huo lilichapwa onyo: kitabu kisiingizwe Uingereza wala Marekani. Jina lake lilikuwa Tropic of Cancer. Mwandishi wake, Henry Miller, alikuwa Mmarekani aliyeandika Kiingereza cha mitaa ya Brooklyn, na wasomaji aliowaandikia walikuwa ng'ambo ya bahari, nyuma ya mlango uliofungwa.

Mlango huo ulichukua miaka 30 kufunguka. Katika miaka hiyo kitabu kilikamatwa bandarini, kikafichwa kwenye mabegi ya askari, kikauzwa kwa kunong'onezana, kikashtakiwa katika mahakama za majimbo 21 na zaidi. Majaji wakubwa waliandika hukumu zao, na mawakili mashuhuri wakajipatia sifa. Lakini waliosimama kizimbani mara nyingi walikuwa wauza vitabu wa kawaida, watu wenye duka la chumba kimoja, ambao kosa lao lilikuwa kupokea senti 95 na kumkabidhi mteja kitabu. Kesi zote hizo, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, zilizunguka swali moja: msomaji ni nani, na nani ana haki ya kumsomea?

Meneja wa simu za maandishi

Miller alizaliwa New York tarehe 26 Desemba 1891, akakulia Brooklyn, mtoto wa fundi nguo mwenye asili ya Kijerumani. Alishika kazi nyingi na akaziacha. Iliyomkaa moyoni zaidi ni ile ya kampuni ya simu za maandishi ya Western Union, ambako tangu 1920 aliajiri na kufukuza vijana wa kupeleka ujumbe mitaani. Mwaka 1924 aliiacha ili awe mwandishi. Miaka 6 ikapita, hakuna kitabu. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 38, alipanda meli kwenda Ulaya, mfukoni ana dola 10 za kukopa.

Huko Paris alilala kwa yeyote aliyemkubalia, na kwa muda alipata kibarua cha kusahihisha prufu katika gazeti la Wamarekani. Ili asife njaa alijitungia ratiba. Aliwaandikia rafiki zake barua akiomba kila mmoja amlishe chakula cha jioni mara moja kwa juma, kila mtu na siku yake, na kwa ratiba hiyo aliweza kula na kuandika. Mwandishi Anaïs Nin, aliyefahamiana naye mwishoni mwa 1931, alimsaidia kwa fedha, akasimamia upatikanaji wa gharama za uchapaji, na dibaji ya kitabu ikatoka kwa jina lake.

Kitabu chenyewe kinaitwa riwaya, lakini msimulizi wake ana jina la mwandishi, njaa ya mwandishi na marafiki wa mwandishi. Ni tawasifu iliyovaa kanzu ya riwaya. Ndani yake mna kunguni, vyumba vya kupanga, walevi, makahaba, mikopo isiyolipwa, na mambo ya kitandani yaliyotajwa kwa majina yale yale ambayo wanaume huyataja wakiwa peke yao. Kurasa chache mbele yanakuja maelezo ya mto Seine na mitaa ya alfajiri yaliyoandikwa kwa mkono wa msanii wa kweli. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Miller aliamua kutoficha chochote, hata yale ambayo yangemwaibisha yeye mwenyewe.

Mchapishaji wake, Jack Kahane, alikuwa Mwingereza wa Manchester aliyeumizwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kampuni yake, Obelisk Press, iliishi kwa kuchapa Paris vitabu vya Kiingereza ambavyo London iliviogopa. Hata yeye, mzoefu wa biashara hiyo, alikaa na muswada wa Miller karibu miaka 2 kabla ya kuthubutu. Alipothubutu alichapa nakala 1,000 na kuziuza kwa faranga 50 kila moja.

Sheria ya Comstock

Kuelewa kwa nini Marekani iliufunga mlango wake, turudi nyuma hadi mwaka 1873. Mwaka huo kijana wa Connecticut aliyeitwa Anthony Comstock, askari wa zamani wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na karani wa duka la vitambaa New York, alikwenda Washington akiwa na mfuko wa picha na vijitabu alivyovikamata. Akawaonyesha wabunge. Bunge likapitisha sheria, na Rais Ulysses S. Grant akaitia saini mwezi Machi. Tangu siku hiyo ikawa jinai kupeleka kwa posta kitu chochote cha uchafu, na pia kitu chochote, hata maelezo tu, cha kuzuia mimba. Comstock mwenyewe akapewa madaraka ya wakala maalumu wa posta. Aliyashika mpaka alipofariki mwaka 1915, na kwa miaka hiyo yote alijivunia hesabu ya watu aliowafikisha mahakamani na tani za karatasi alizoteketeza.

Uchafu ni nini? Sheria haikusema. Mahakama za Marekani zikaazima kipimo kutoka kwa Waingereza, kilichowekwa katika kesi ya Hicklin mwaka 1868: andiko ni chafu kama lina mwelekeo wa kupotosha wale ambao akili zao ziko wazi kupotoshwa. Waingereza haohao ndio walioacha Afrika Mashariki kanuni za adhabu zenye kifungu cha machapisho machafu, kwa hiyo mawazo haya si mageni kwa msomaji wa Kenya au Tanzania. Kipimo cha Hicklin kilikuwa na meno mawili. La kwanza, msomaji aliyefikiriwa alikuwa dhaifu kuliko wote: mtoto, au mtu asiyejiweza kiakili. La pili, mwendesha mashtaka aliruhusiwa kuchomoa ukurasa mmoja na kuusoma peke yake.

Jino hilo la pili lilionekana wazi Boston mwaka 1929, katika kesi ya An American Tragedy, riwaya ya Theodore Dreiser. Riwaya hiyo ina mamia ya kurasa. Raia walioketi kuamua kesi walisomewa vipande vilivyochaguliwa na upande wa mashtaka. Ombi la kuwaruhusu waisome yote lilikataliwa. Mchapishaji alitiwa hatiani. Boston ilipiga marufuku vitabu vingi kiasi kwamba wachapishaji wa New York walifanya habari hiyo kuwa tangazo la biashara.

Neno uchafu pia lilifunika mambo mengine. Mwaka 1944 Lillian Smith, mwanamke Mzungu wa Kusini, alitoa riwaya ya Strange Fruit, inayohusu mapenzi ya kijana Mzungu na msichana Mweusi katika mji wa Georgia. Boston iliiondoa madukani. Posta nayo ikaizuia kwa muda mfupi, mpaka Eleanor Roosevelt alipozungumza na mumewe, Rais. Ng'ambo ya mto, mjini Cambridge, mwanahistoria Bernard DeVoto alikwenda kununua nakala hadharani ili kesi ipatikane na sheria ijaribiwe. Muuza kitabu alitiwa hatiani, na mwaka 1945 mahakama ya juu ya jimbo haikumwokoa. Mwaka huohuo Richard Wright alitoa Black Boy, kumbukumbu za utoto wake wa njaa na kipigo huko Mississippi. Seneta wa jimbo hilo, Theodore Bilbo, alisimama bungeni na kukiita kitabu hicho kichafu kupita vyote. Aliyemkasirisha Bilbo alikuwa mtu Mweusi anayesema ukweli wa nyumbani kwake. Uchafu ulikuwa jina tu alilolipata karibu.

Magendo

Ufa wa kwanza katika ukuta ulionekana miezi 9 kabla ya kitabu cha Miller kutoka. Tarehe 6 Desemba 1933, Jaji John Woolsey wa New York aliamua kwamba Ulysses ya James Joyce, Mwairishi, iruhusiwe kuingia Marekani. Woolsey alifanya jambo ambalo Boston ilikuwa imelikataa: alikisoma kitabu kizima. Kisha akauliza kitamfanya nini mtu mzima wa kawaida, akamwacha kando yule dhaifu wa Hicklin. Mwaka 1934 mahakama ya rufani ilimuunga mkono.

Miller hakufaidika. Joyce alikuwa mgumu kusomeka, na ugumu huo ukamkinga. Miller aliandika kwa maneno ambayo dereva wa teksi angeyaelewa mara moja. Forodha ya Marekani ikaendelea kukamata kila nakala iliyoiona.

Vitabu, hata hivyo, vina miguu. Wasafiri waliviingiza ndani ya mabegi ya nguo chafu. New York, Jacob Brussel alithubutu kuchapa toleo la magendo mwaka 1940, akaishia jela. Katika Mtaa wa 47, kwenye duka la Gotham Book Mart, Bi. Frances Steloff alikuwa na nakala kadhaa nyuma ya kaunta kwa mteja anayejua namna ya kuuliza. Mwaka 1940 aliingia mwanafunzi wa chuo cha Swarthmore, kijana wa Chicago aliyeitwa Barney Rosset. Akauliza, akauziwa. Akakisoma, kisha akaandika insha ya darasani kuhusu Miller na maisha ya Kimarekani. Mwalimu alimpa B ya chini. Rosset aliitunza insha hiyo, na tutakutana nayo tena.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, maelfu ya askari wa Kimarekani walipita Paris wakiwa na mshahara mfukoni. Waliinunua Tropic of Cancer na kuificha chini ya sare zao. Kahane alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1939, na biashara ikamwangukia mwanawe Maurice Girodias, yule kijana aliyechora kaa. Ndiyo kusema kufikia 1950 nchi iliyokipiga marufuku kitabu hiki ilikuwa na wasomaji wake wengi, ambao nakala zao zilikuwa za magendo.

San Francisco kulikuwa na mtu aliyetaka jambo hilo liamuliwe kwa haki. Ernest Besig aliongoza tawi la chama cha kutetea haki za raia. Ni yeye aliyekwenda jela mwaka 1942 kumtembelea Fred Korematsu, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani aliyekataa kupelekwa kambini, na kumtafutia utetezi. Sasa Besig aliagiza vitabu viwili vya Miller kutoka nje, Tropic of Cancer na Tropic of Capricorn, akavingoja vikamatwe. Vikakamatwa. Mwaka 1951 Jaji Louis Goodman alivihukumu kuwa vichafu, na ushahidi wa maandishi wa wahakiki 19 wa fasihi hakuukubali. Mwaka 1953 mahakama ya rufani ikakubaliana naye. Miller wakati huo alikuwa akiishi Big Sur, kwenye majabali ya pwani ya California, mwandishi ambaye vitabu vyake hivyo vilisomwa Ulaya na havikuweza kuuzwa kihalali kwao.

Mtu aliyeshindwa akaacha kanuni

Tarehe 24 Juni 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Samuel Roth, muuza vitabu wa New York aliyekwisha kukaa jela zaidi ya mara moja kwa makosa ya aina hii. Roth alishindwa. Kifungo chake cha miaka 5 kilithibitishwa, naye akaenda kukitumikia. Lakini katika hukumu hiyo Jaji William Brennan aliizika rasmi kanuni ya Hicklin. Kuanzia hapo, swali likawa hili: je, kwa mtu wa kawaida, kwa viwango vya jamii ya leo, maudhui makuu ya kazi nzima yanalenga kuchochea ashiki? Brennan aliongeza kwamba andiko lenye umuhimu wowote kwa jamii, hata kama umuhimu huo ni mdogo, linalindwa na Katiba.

Mtu wa kawaida, kazi nzima. Meno yote mawili ya Hicklin yalikuwa yameng'olewa, na aliyelipa gharama alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemheshimu.

Rosset alikuwa amekua. Baada ya kutumikia jeshi kama mpiga picha huko China, mwaka 1951 alinunua kampuni ndogo ya vitabu, Grove Press, kwa dola 3,000. Tangu mwanzo alikuwa na Miller moyoni, ila alijua asianze naye. Mwaka 1959 alitangulia na Lady Chatterley's Lover ya Mwingereza D. H. Lawrence, bila kukatwa hata neno. Posta ikaizuia, wakili Charles Rembar akaitetea, na mwezi Julai Jaji Frederick van Pelt Bryan akaiachia. Njia ikawa imepimwa.

Kizuizi kilichobaki alikuwa Miller mwenyewe. Alikaribia miaka 70, ametulia, na aliogopa kugeuzwa bidhaa ya watu wanaotafuta kurasa za uchafu tu. Ilichukua muda, safari, barua, na malipo ya awali ya dola 50,000 kabla hajakubali. Tarehe 24 Juni 1961, miaka 4 kamili baada ya hukumu ya Roth, Tropic of Cancer ikaingia katika maduka ya Marekani. Serikali kuu ilisitasita kidogo kisha ikaacha kuizuia. Baada ya miezi michache likatoka toleo la jalada laini la senti 95, na hapo ndipo balaa ilipoanza.

Askari madukani

Kitabu cha bei kubwa husomwa na watu ambao polisi huwaamini. Cha senti 95 kiliwekwa katika maduka ya dawa, vituo vya mabasi na vibanda vya magazeti, karibu na peremende. Mwaka mmoja haukupita bila nakala zaidi ya milioni moja kuuzwa. Wakuu wa polisi wa miji midogo, waendesha mashtaka wa kaunti, mameya na wachungaji wakahamaki. Zaidi ya kesi 60 zikafunguliwa. Rosset alikuwa ameahidi kwamba kampuni yake itagharimia utetezi wa kila muuza vitabu atakayeshtakiwa. Ahadi hiyo nusura imfilisi, na hakuivunja.

Chukua hali ya mwenye duka. Asubuhi anaingia mtu aliyevaa kiraia, ananunua kitabu, anapokea chenji, kisha anatoa kitambulisho cha polisi. Jioni mwenye duka anaambiwa alete dhamana. Majirani wanamwangalia kwa jicho jingine, na wazazi wa shule wanapita upande wa pili wa barabara. Wengi waliona bora warudishe maboksi yao kwa mchapishaji kimyakimya, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Ndivyo kitabu kinavyopigwa marufuku bila hukumu yoyote: kwa woga wa mtu mmoja mwenye pango la kulipa mwisho wa mwezi.

Wengine hawakurudisha. Februari 1962 muuza vitabu wa Hollywood Boulevard alitiwa hatiani mjini Los Angeles, baada ya raia wa kawaida walioamua kesi kuona kitabu ni kichafu. Syracuse, wauza vitabu walipambana mpaka mahakama ya juu ya jimbo la New York. Brooklyn, mji uliomlea Miller, ulimfungulia mashtaka yeye mwenyewe pamoja na mchapishaji wake, kwa madai ya kula njama.

Chicago ndiko kesi ilikosimuliwa zaidi. Vuli ya 1961, polisi wa vitongoji kadhaa vya mji huo walizunguka madukani wakaamuru kitabu kiondolewe. Hapakuwa na hati ya mahakama wala shtaka. Askari alikuja, akatazama rafu, kikaondoka. Wakili Elmer Gertz aliwageuzia kibao. Akawashtaki polisi. Kesi ilianza Januari 1962 mbele ya Jaji Samuel Epstein, mtoto wa rabi, mtu wa heshima na mambo ya kale. Profesa Richard Ellmann, aliyeandika wasifu wa Joyce, alipanda kizimbani kueleza thamani ya kitabu kama fasihi. Kisha akapanda Rosset.

Wakili wa polisi alimbana. Kwa maoni yake, Rosset alikuwa mfanyabiashara aliyenusa fedha, na habari za fasihi zilikuwa kisingizio tu. Rosset akatia mkono mfukoni. Akatoa insha yake ya Swarthmore ya mwaka 1940, karatasi za miaka 22, na kuanza kuisoma mbele ya mahakama. Alipoiandika alikuwa mwanafunzi asiye na kampuni, asiye na hisa, asiyetarajia hata senti kutoka kwa Henry Miller. Alichopata kwa insha ile ilikuwa B ya chini. Hakuna wakili ambaye angeweza kutunga jibu bora zaidi ya hilo.

Tarehe 21 Februari 1962 Epstein alitoa hukumu. Alikuwa amekisoma kitabu chote, na hakukipenda. Hata hivyo alisema si kichafu kisheria, na polisi waache kuingilia uuzaji wake. Kusimamia kinachosomwa na mtoto ni kazi ya wazazi, alieleza. Mtu mzima anajichagulia mwenyewe. Kwa hukumu hiyo alitukanwa kwa barua na kwa simu, naye akavumilia.

Nusu ukurasa

Nchi ikagawanyika vipande. Massachusetts, nyumbani kwa Boston ya marufuku, ilikitakasa kitabu mwaka 1962 kwa kura 4 dhidi ya 3. Mwezi Julai 1963 California ilikiachia, na siku chache baadaye New York ikakiita kichafu, nayo kwa kura 4 dhidi ya 3. Wauza vitabu wa Syracuse wakapoteza. Kitabu hichohicho, kilichochapwa na mashine ileile, kilikuwa halali katika pwani moja ya nchi na haramu katika nyingine.

Mwezi Juni 1964 Mahakama ya Juu ya Illinois ikaitengua hukumu ya Epstein. Ilikuwa pigo kubwa, lakini halikudumu hata wiki mbili. Jumatatu ya tarehe 22 Juni 1964, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi wa kesi iliyotoka Florida, Grove Press dhidi ya Gerstein. Kura zilikuwa 5 kwa 4. Tropic of Cancer iko huru nchi nzima. Majaji hawakuandika hoja ndefu. Walirejea tu sababu walizozitoa siku hiyohiyo katika kesi ya filamu ya Kifaransa iliyomponza meneja wa sinema huko Ohio. Miaka 30 ya magendo, vifungo na maduka yaliyotikiswa ikafungwa kwa maandishi yasiyojaza nusu ukurasa. Illinois iliondoa hukumu yake na kumrudishia Epstein haki yake.

Baada ya hapo milango ilifunguka haraka. Naked Lunch ya William Burroughs ilishtakiwa Boston mwaka 1965, washairi na waandishi, wakiwamo Allen Ginsberg na Norman Mailer, wakaenda kuitetea, na Julai 1966 mahakama ya juu ya Massachusetts ikaiachia. Kesi kubwa za kuifunga riwaya kwa uchafu zikakoma nchini humo.

Ugomvi ulihamia shuleni. Mwaka 1975 wajumbe wa bodi ya shule za Island Trees, karibu na New York, walirudi kutoka mkutano wakiwa na orodha ya vitabu vibaya. Usiku mmoja waliingia katika maktaba ya sekondari na kupekua kadi. Vitabu 9 vya orodha vilikuwamo, miongoni mwao Black Boy ya Wright na Down These Mean Streets, kumbukumbu za Piri Thomas aliyekulia Harlem. Viliondolewa. Mwanafunzi wa miaka 17, Steven Pico, na wenzake wanne wakaishtaki bodi. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi mwembamba, na vitabu vikarudishwa maktabani. Hapa msomaji kweli ni mtoto, na mzazi ana neno lake. Lakini hata mtoto wa sekondari alionekana anastahili zaidi ya orodha iliyoletwa kutoka mkutanoni.

Na Miller je? Alifariki California tarehe 7 Juni 1980, akiwa na miaka 88. Hukumu nzito zaidi dhidi yake haikutoka kwa jaji. Mwaka 1970 Kate Millett, msomi wa New York, alitoa kitabu cha Sexual Politics. Ukurasa wake wa kwanza unaanza na kipande cha Miller kuhusu mwanamume na mwanamke, matusi na yote, kikiwa kimenukuliwa waziwazi. Kisha anakichambua mstari kwa mstari na kuonyesha jinsi mwanamke alivyogeuzwa kitu cha kutumiwa. Mimi ninakubaliana naye. Kuna kurasa za Miller zinazowadhalilisha wanawake, na uzuri wa mto Seine hauziponyi.

Lakini tazama kilichomwezesha Millett kusema hayo. Kwa sheria ya Comstock, kitabu chake kingekamatwa pamoja na cha Miller, kwa sababu kinanukuu maneno yaleyale. Askari aliyeondoa kitabu kwenye rafu ya duka la dawa hakumtetea mwanamke yeyote. Alimnyang'anya mwanamke nafasi ya kujibu. Millett alisoma kitabu chote, akakielewa, akakihukumu kwa jina lake na kwa sababu zake, mbele ya watu walioweza kukifungua wenyewe na kumpima. Hiyo ndiyo mahakama inayokifaa kitabu.

Basi msomaji, siku utakapoambiwa kwamba kitabu fulani ni kichafu, omba kwanza upewe chote. Anayekuonyesha ukurasa mmoja tu ameshaamua kwa niaba yako.